UZI: Vita ya namba ya kwotabeki Seattle 2012, mwenye mkwanja alivyokaa benchi dogo wa raundi ya tatu akaanza

MkaziWaKent (mleta uzi)

Wakuu habari za wikendi. Mwezi wa nane ukifika tu, sisi tunaofuatilia mpira wa Kimarekani ubishi wetu huwa ni uleule. Timu inatangaza "namba ya kwotabeki iko wazi, atakayefanya vizuri mazoezini ndo ataanza", nusu ya watu wanaamini, nusu wanasema ni danganya toto. Mimi niko upande wa wasioamini, kwa sehemu kubwa kocha anakuwa ameshachagua tangu mwezi wa tatu siku hela zinasainiwa, kambi inabaki ya kutimiza taratibu. Ila kuna shindano moja naweza kulisimamia popote kuwa lilikuwa la kweli, Seattle Seahawks 2012, na leo nataka nilieleze kwa kirefu kwasababu nikisoma humu watu wanalisimulia kama bahati, kwamba eti Russell Wilson aliokotwa tu akang'aa. Hakuokotwa. Alipigania namba na kuna watu walimpa nafasi ya kuipigania, hiyo ya pili ndo inasahaulika.

Kwa wageni wa mchezo kidogo tu. Kwotabeki ndo anayepokea mpira kila mnapoanza kushambulia, anasoma wapinzani wamejipangaje, anabadilisha mpango palepale akiona haufai, afu ana sekunde mbili tatu za kuamua amrushie nani au ampe mkimbiaji. Nafasi zingine kocha anachanganya, huyu anaingia yule anapumua. Kwotabeki ni kama kipa, anayeanza anacheza mechi nzima na wa pili anaweza kumaliza msimu jezi haijachafuka. Ndo maana vita ya namba hii inauma kuliko nyingine zote, hakuna kugawana.

Sasa turudi nyuma. Seattle ya kocha Pete Carroll na meneja John Schneider waliingia 2010, misimu miwili yote wakamaliza na ushindi 7 na vipigo 9. 2011 kwotabeki alikuwa Tarvaris Jackson, jamaa mgumu sana, aliumia msuli wa kifua katikati ya msimu na akaendelea kucheza hivohivo na maumivu, wachezaji wenzake walimheshimu mno kwa hilo. Lakini timu ilikuwa inakwama. Beki tayari ilikuwa imeiva, Earl Thomas, Kam Chancellor, Richard Sherman, mbele kuna Marshawn Lynch anayebomoa watu, kilichokosekana ni mtu wa kurusha mpira.

Mwezi wa tatu 2012 wakamleta Matt Flynn kutoka Green Bay. Huyu alikuwa msaidizi wa Aaron Rodgers, na tarehe 1 Januari 2012 Rodgers alipumzishwa, Flynn akaanza dhidi ya Detroit Lions akarusha yadi 480 na tachidauni 6 (tachidauni ni kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, kama goli), Green Bay wakashinda 45 kwa 41. Timu yenye Bart Starr, Brett Favre na Rodgers kwenye historia yake, hakuna aliyekuwa amewahi kufanya hivo kwenye mechi moja! Seattle wakampa mkataba wa miaka mitatu, dola milioni 10 zikiwa za uhakika. Kila mtu hapa Seattle akajua biashara imeisha, Flynn ndo kwotabeki wetu.

Afu mwezi wa nne kwenye drafti (ile siku timu zinachagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni), raundi ya tatu, namba 75, wakamchukua Wilson. Naendelea post inayofuata, ngojeni.

BintiKigamboni

Siti ya mbele kabisa. Kaka tushushie nondo, mimi nlianza kuangalia NFL Wilson akiwa tayari ni staa, hii ya kugombea namba na mtu wa milioni 10 sikuwahi kuielewa vizuri.

MkaziWaKent

Karibu sana dada.

Ili muelewe ukubwa wa jambo angalieni drafti yenyewe. Andrew Luck namba 1, Robert Griffin III namba 2, Ryan Tannehill namba 8, Brandon Weeden namba 22, Brock Osweiler namba 57. Makwotabeki watano wameitwa kabla ya Wilson. Sababu ilikuwa moja tu, urefu. Jamaa hafiki hata mita 1.81, na imani ya miaka mingi ya maskauti ni kwamba kwotabeki awe na mita 1.88 kwenda juu ili aone juu ya vichwa vya mabonge wa mstari wa mbele. Kuna waandishi waliipa drafti ya Seattle alama F, yani sifuri kabisa, na humohumo kwenye drafti hiyo alikuwemo Bobby Wagner namba 47 ambaye baadae akawa mmoja wa malainibeka (walinzi wa mstari wa pili) bora wa kizazi chake. Basi ndo ujue watu walivyokuwa wanapima.

Na Wilson alikuwa ameshawahi kupoteza namba. Watu wengi hawalijui hili. Alicheza chuo cha North Carolina State miaka mitatu kama kwotabeki wa kwanza, sambamba na hapo alikuwa anacheza besiboli, Colorado Rockies walimchagua 2010, kesho yake baba yake akafariki. 2011 alipoenda tena kucheza besiboli kocha wa chuo akamwachia aondoke, namba akapewa Mike Glennon. Dogo akahamia Wisconsin, akafika timu haimjui, akajifunza mpango mzima wa mashambulizi ndani ya kiangazi kimoja, akamaliza na tachidauni 33 na pasi zilizonaswa na wapinzani 4 tu. Kwahiyo anapofika Seattle kuanza kwenye timu ngeni kwa haraka ilikuwa ni kazi ameshaifanya mwaka uliopita. Schneider aliliona hilo, wengi waliona urefu tu.

Mwezi wa tano kukawa na mazoezi ya siku chache ya wachezaji wapya tu. Yalivyoisha, Carroll akawaambia waandishi kuwa Wilson ameingia kwenye shindano, sasa ni watu watatu. Mjini watu waligoma kuelewa. Rukii, yani mchezaji wa mwaka wa kwanza, tena wa raundi ya tatu? Na Flynn hata hajavaa jezi ya mechi?

Kocha_Mtaani

Mleta uzi heshima yako ila naomba nipinge kidogo mapema. Kwenye mchezo huu kuna msemo kwamba ukiwa na makwotabeki wawili basi huna hata mmoja. Kambi ni fupi, mazoezi yana muda maalum, ukigawa kwa watu watatu kila mmoja anapata theluthi, wapokeaji hawamzoei mtu yeyote, mwisho wa siku wote watatu wanafika mechi ya kwanza hawajaiva. Mi naona Carroll alicheza kamari ikalipa, tusiifanye somo.

MkaziWaKent

Mkuu hoja yako ni nzito na ndo kiini chenyewe, gharama ipo na Seattle waliilipa, ntafika huko. Lakini kwanza nieleze walivyogawa maana hapo ndo pana utamu.

Kambi ya Seahawks iko Renton, pembeni kabisa ya ziwa Washington, jirani na hapa kwetu Kent (hapa Kent na Tukwila Waswahili tupo wengi, ndugu zetu Wakongo hasa). Mwanzoni mwa kambi walikuwa wanapokezana, leo Jackson anafanya na kikosi cha kwanza, kesho Flynn, keshokutwa Wilson. Hebu simamia hapo. Kinachoamua vita hii ni unafanya mazoezi NA NANI na DHIDI YA NANI kuliko hata unarusha vipi. Ukiwekwa na kikosi cha tatu, mstari wa mbele ni vijana ambao wiki tatu mbele watakatwa, mpira ukishaupokea tu kuna mtu usoni, mpokeaji anakata kona sehemu ambayo siyo, pasi inaonekana mbovu na kwenye daftari la kocha ni kosa lako. Ukiwekwa na kikosi cha kwanza una ulinzi, una muda, wapokeaji wanafika walipoambiwa wafike. Timu nyingi zinatangaza shindano afu yule waliyemlipa anapata zamu zote za kikosi cha kwanza na mwingine anaachiwa makombo, baada ya wiki mbili wanasema "umeona, fulani yuko mbele". Hilo siyo shindano.

Na upande wa pili wa uwanja pale Renton walikuwepo kina Sherman, Thomas, Chancellor na Brandon Browner. Beki ile mwaka huo ndo iliruhusu pointi chache kuliko zote ligi nzima. Kwotabeki aliyekuwa anaweza kupitisha mpira kwenye kundi lile mazoezini, mechi ya Jumapili haikuwa inamtisha. Sherman hana huruma na mtu, rukii wala siyo rukii. Kwahiyo kila siku dogo alikuwa anafanya mtihani mgumu kuliko ambao angefanyiwa na wapinzani, na wachezaji wote wanaona kwa macho yao nani anaweza na nani hawezi. Carroll tangu yuko chuo cha USC falsafa yake ni hiyohiyo, kila namba inagombewa kila siku, sema makocha wengi husema maneno ya namna hiyo, tofauti yake yeye aliweka mpaka namba ya kwotabeki mezani.

Mwana254

Buda hii part ya reps, zile zamu za mazoezi, umeielezea poa sana, enyewe watu huku Nairobi hubishana stats za preseason na hawajui nani alikuwa akiplay na kikosi gani. Sasa hebu tupe zile game zenyewe, nakumbuka tu ile ya Kansas City.

MkaziWaKent

Naam. Kipindi kile mechi za kujipima zilikuwa nne, na ya tatu ndo ilikuwa na uzito maana kikosi cha kwanza kinacheza muda mrefu kama mechi ya kweli.

Mechi ya kwanza nyumbani na Tennessee Titans. Jackson hakuchezeshwa kabisa, walisema wanamjua tayari, na hapo mwenye akili alishaelewa kuwa mzee ameshatoka kwenye hesabu. Flynn akaanza. Alicheza kwa usalama, pasi fupifupi, nyingi zilifika ila mashambulizi hayasogei, na moja ikanaswa. Kipindi cha pili akaingia Wilson. Mle kuna tukio moja nataka mlitafute mliangalie, robo ya nne, anajifanya anampa mpira mkimbiaji kushoto, beki yote inafuata, yeye anauficha ubavuni anazunguka kulia peke yake hana mlinzi hata mmoja, anakimbia yadi 32 mpaka ndani. Na siyo mbio tu, angalia macho, alikuwa bado anatafuta wa kumrushia mpaka alipoona njia nyeupe ndo akaamua. Hiyo ni akili ya kwotabeki, siyo ya mkimbiaji aliyepewa kurusha.

Mechi ya pili Denver, kule alikuwa ndo kahamia kwotabeki mkongwe Peyton Manning. Flynn akaanza tena, kwa hiyo msije mkasema hakupewa nafasi, mbili mfululizo alianza yeye na kikosi cha kwanza. Mashambulizi yakakwama tena. Hapa nimtetee kidogo, mpokeaji Terrell Owens ambaye Seattle walimchukua akiwa uzeeni alidondosha pasi nzuri ya Flynn ambayo ingekuwa yadi nyingi sana. Wilson akaingia kipindi cha pili, akarusha tachidauni mbili, Seattle wakashinda 30 kwa 10. Bado watu wakasema sawa, lakini anacheza na akiba za wapinzani, mwacheni akutane na wakubwa.

Carroll akasema basi Kansas City anaanza Wilson. Wakubwa wote uwanjani. Pasi 13 kati ya 19, yadi 185, tachidauni 2, akakimbia mara mbili akachota yadi 58, mechi ikaisha 44 kwa 14. Siku mbili baadae Carroll akatangaza, namba ni ya dogo. Siku hiyohiyo Jackson akapelekwa Buffalo.

Kocha_Mtaani

Sasa hapo Kansas City umeficha kitu mkuu. Flynn hakucheza mechi ile kwasababu kiwiko kilikuwa kinamuuma. Kwahiyo shindano la mwisho mmoja alikuwa mgonjwa. Huwezi kuniambia hiyo ni haki bin haki.

MkaziWaKent

Sijaficha mkuu, nlikuwa nakuja huko, na nakubali kiwiko kilikuwa na maumivu kweli. Lakini fikiria mpangilio. Flynn kapewa mechi mbili za kuanza akiwa na kikosi cha kwanza, hazikuzaa kitu. Wilson kapewa moja akavunja mlango. Kama Carroll alikuwa anatafuta kisingizio cha kumlinda mwenye mkataba, kiwiko ndo kilikuwa kisingizio kizuri kuliko vyote, angesema tu "tunamsubiri Flynn apone, yeye ndo wa kwanza", hakuna ambaye angemlaumu, dunia nzima ingemwelewa. Hakukitumia.

BintiKigamboni

Swali langu ni la hela sasa. Unamlipaje mtu milioni 10 za uhakika afu unamkalisha? Mwenye timu hakuuliza?

MkaziWaKent

Dada hapa ndo ujasiri ulipo. Ile milioni 10 ilikuwa imeshatoka, Flynn aanze asianze italipwa, kwahiyo swali pekee la maana lilikuwa nani anatupa ushindi mwaka huu. Kulisema hili ni rahisi, kwenye ofisi nyingi aliyesaini hundi anataka hundi yake ionekane ilikuwa sahihi, analazimisha mtu wake acheze mpaka timu inazama. Schneider ndiye aliyemleta Flynn, na alikuwa anamjua tangu Green Bay maana yeye mwenyewe alitokea huko! Na ndiye aliyekuwa anamtaka Wilson kwa nguvu zote kwenye drafti. Kukubali wa pili ampite wa kwanza kunahitaji moyo mkubwa.

Na faida yake ilikuwa ni hela hiyohiyo. Sheria za mkataba wa wachezaji wa 2011 ziliweka kikomo kwenye mishahara ya marukii, mkataba wote wa Wilson wa miaka minne ulikuwa kama dola milioni 3, na mwaka wa kwanza mshahara wake wa msingi ulikuwa dola 390,000. Kwotabeki wa kwanza kwa bei hiyo ni kitu hakipo. Kile kilichobaki chini ya kikomo cha mishahara wakakitumia 2013 kuwaleta Cliff Avril na Michael Bennett kwenye mstari wa beki, na Februari 2014 wakaichapa Denver ya Manning 43 kwa 8 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi. Ukitaka kujua Super Bowl ile ilianzia wapi, ilianzia kwenye zamu za mazoezi ya mwezi wa nane 2012. Wilson akawa kwotabeki mweusi wa pili kubeba Super Bowl baada ya Doug Williams wa Washington, Januari 1988. Miaka 26 katikati! Kwa mtu mweusi mfupi wa raundi ya tatu, bila kocha kumwambia "njoo ushindane kweli" asingefika, na kabla yake wapo wengi walioambiwa wabadili namba wakawe wapokeaji tu.

Mwana254

Lakini mwanzo wa msimu si alisumbuka? Mi nakumbuka kelele.

MkaziWaKent

Alisumbuka, na hii ndo ile gharama aliyoisema Kocha_Mtaani. Mechi ya kwanza Arizona wakapigwa 20 kwa 16. Mechi nne za kwanza hakufikisha yadi 200 hata moja. Jumatatu ile ya Green Bay walishinda 14 kwa 12 kwa ile pasi ya mwisho ya Golden Tate ambayo mpaka leo watu wa Green Bay hawajaikubali, marefa wa kweli walikuwa kwenye mgogoro wa kazi na ligi, wakachezesha wa akiba. Wiki iliyofuata wakafungwa St. Louis 19 kwa 13, rekodi mbili kwa mbili, na hapa mjini redioni ilikuwa ni Flynn, Flynn, Flynn. Mazoezi yaliyogawanywa kwa watatu yalikuwa yanaonekana waziwazi, wapokeaji na dogo walikuwa bado hawajuani, anarusha pale mtu amegeuka, anashikilia mpira muda mrefu.

Carroll hakuyumba, na nadhani hili linatakiwa liwe sehemu ya shindano la kweli. Ukishatangaza mshindi mwache acheze. Kama kila pasi mbaya unaangalia benchi, shindano halijaisha na mchezaji anaanza kurusha kwa woga, anaogopa kukosea kuliko anavyotaka kushinda.

Wiki ya sita wakaja New England Patriots na kwotabeki wao Tom Brady. Seattle wako nyuma 23 kwa 17, imebaki chini ya dakika moja na nusu. Wilson anapokea, anarudi nyuma, anaangalia katikati, Sidney Rice anamfanyia mchezo mlinzi wa mwisho kama anakata ndani afu ananyoosha, mpira tayari uko hewani hata kabla Rice hajaachana naye, yadi 46, 24 kwa 23. Ile pasi ni ya mtu anayemwamini mpokeaji wake, wiki ya pili asingeirusha. Kuanzia hapo kelele za Flynn zikafa. Desemba wakapiga Arizona 58 kwa 0, Buffalo 50 kwa 17, San Francisco 42 kwa 13, wiki tatu mfululizo. Msimu wakamaliza ushindi 11 vipigo 5, nyumbani hawakufungwa, Wilson tachidauni 26 za kurusha, sawa na rekodi ya marukii ya Manning. Mtoano wakaitoa Washington 24 kwa 14, afu kule Atlanta Seattle wakatolewa 30 kwa 28, wakiwa walifungwa 20 bila mpaka mapumziko, dogo akarusha yadi 385 akawarudisha mpaka wakaongoza zimebaki sekunde 31. Ile ya Atlanta iliniuma sana ila ndo siku nlijua tuna mtu.

TembeaNaYadi

Mimi naomba tulinganishe na zingine maana watu wanachanganya. 2001 New England, kwotabeki Drew Bledsoe kasaini mkataba wa dola milioni 103 mwezi wa tatu, mwezi wa tisa Mo Lewis wa Jets akamgonga vibaya, Brady akaingia namba ikawa yake. 2012 hiyohiyo San Francisco, Alex Smith alikuwa anacheza vizuri tu akagongwa kichwa mwezi wa kumi na moja, Colin Kaepernick akaingia na kocha Harbaugh hakurudi nyuma, wakafika mpaka Super Bowl. Hizo ni namba zilizopotea kwa majeraha. Ni kama Simba 2023, Manula kaumia Ally Salim akadaka.

MkaziWaKent

Nakazia mkuu, umenisaidia. Zile zote kocha alilazimika. Seattle hakuna aliyemlazimisha, wachezaji wote wapo, hela imelipwa, na akachagua kwa alichokiona.

BintiKigamboni

Na hawa wawili walioshindwa waliishia wapi?

MkaziWaKent

Flynn mwezi wa nne 2013 akapelekwa Oakland Raiders, akaenda kama wa kwanza, na kule Terrelle Pryor akampita kambini. Mara ya pili mfululizo. Wakamwachia, akapita Buffalo kwa muda mfupi, akarudi Green Bay Rodgers alipovunjika mfupa wa mtulinga, na mwezi wa kumi na mbili akaenda Dallas wako nyuma 26 kwa 3 mapumziko, akawarudisha wakashinda 37 kwa 36. Kwahiyo wanaosema hakuwa na kiwango wanamkosea, alikuwa na kiwango, alikutana tu na aliyemzidi. Na Seattle hakuleta maneno, alikaa benchi kwa heshima msimu mzima.

Jackson ndo ninayempenda zaidi katika story hii. Buffalo walimwacha, 2013 akarudi Seattle kuwa msaidizi wa yuleyule aliyemtoa, na dakika za mwisho za ile Super Bowl ya 43 kwa 8 akaingizwa uwanjani akacheza. Chumba kizima kilimpenda. Alifariki kwa ajali ya gari Alabama mwezi wa nne 2020, Mungu amrehemu, alikuwa amekwenda kwenye ukocha wa makwotabeki.

Kocha_Mtaani

Haya nimekusikiliza mkuu, gharama umeikubali na hoja ya zamu imesimama. Lakini Carroll huyohuyo 2022 baada ya Wilson kuuzwa Denver alisema tena namba iko wazi, Geno Smith na Drew Lock. Pale mbona Geno alikuwa mbele tangu siku ya kwanza? Ile nayo utaitetea?

MkaziWaKent

Ile naitetea nusu. Geno alianza mbele kwasababu alikuwa anaujua mpango wa timu, ameshakaa misimu mitatu nyuma ya Wilson, na zamu nyingi za kikosi cha kwanza mwanzoni zilikuwa zake, hapo uko sahihi, mgawanyo haukuwa wa 2012. Lakini walikuwa wamepanga Lock aanze mechi ya pili ya kujipima na Chicago, wiki hiyohiyo akapata Korona, nafasi ikapita. Mechi ya tatu na Dallas akapewa muda mwingi, pasi zake tatu zikanaswa. Hapo sina cha kumlaumu kocha. Geno msimu huo akaongoza ligi kwa asilimia ya pasi zilizofika, 69.8, timu ikaenda mtoano wakati wengi walishaizika, na mechi ya kwanza kabisa waliifunga Denver ya Wilson 17 kwa 16.

Ila ukiniuliza kama Lock angepewa zile siku za kupokezana tangu mwanzo wa kambi kama alivyopewa dogo 2012, je angeiva zaidi, nakwambia ndiyo, angeiva zaidi. Sidhani kama angempita Geno, ila tungekuwa na uhakika, na mchezaji mwenyewe angekuwa na uhakika. Leta hoja yako mkuu, najua unayo.